Ndege Haitaki Mtu wa Chapati Tatu

Leo asubuhi nimepokonywa chapati mkononi. Ya tatu hiyo, ilikuwa ishakunjwa iko njiani kuelekea mdomoni. Na si mwizi, ni mke wangu wa ndoa, kaitoa kairudisha kwenye hotpoti kafunika taratibu, halafu akasema, "Baba Salma, Jumamosi tunaruka, na wewe wajijua." Najijua nini? Mtu mzima wa miaka 51, kodi ya nyumba juu yangu, karo juu yangu, tokeni za stima juu yangu, nije nihesabiwe chapati kwangu mwenyewe kama mzigo wa tuktuk!

Mama Salma ni rubani. Nimeshazoea watu wakisikia wanacheka kwanza halafu wananitazama mimi. Wake wa wenzangu wakifika umri huu wanaingia chama, wanajifunza keki, mwisho wa yote anakuuzia Tupperware. Wangu alianza kwenda Wilson, uwanja wa ndege ndogo hapa Nairobi, mwaka jana na mwezi uliopita akapata leseni. Kisheria kima cha chini ni masaa 40 angani, sasa nendeni Wilson mkaulize nani kamaliza na 40. Yeye kamaliza na 61. Pesa ni zake, nisiseme uongo, ana duka lake la vitambaa Eastleigh na linaenda, lakini pesa zake zikiruka zangu ndizo zinazobaki chini kununua unga.

Na nyumba imeharibika. Mtoto haitwi tena Salma, anaitwa Sierra Alfa Lima Mike Alfa, na mtoto anaitika. Probox haiwashwi mpaka izungukwe yote, iguswe tairi, ichunguliwe chini, majirani wanadhani tumeibiwa. Ukitumwa dukani lazima urudie ulichotumwa neno kwa neno, ati ndivyo marubani wanavyojibu mnara wa kuongozea ndege, "maziwa mbili, mkate mmoja, nimepata," usiporudia hutoki mlangoni.

Lakini hayo yote si kitu. Kitu ni mizani.

Wiki mbili zilizopita nilichukuliwa kuwa abiria wake wa kwanza. Nikavaa kanzu ya Idi, nikabeba kikapu changu cha viazi karai na thamosi ya chai, kwa sababu mimi ni mtu wa Mombasa na safari bila chakula ni adhabu. Getini askari kampigia saluti, "Karibu kapteni." Mimi akaniuliza kama ndio nimeleta pasel.

Ofisini kuna kijana wa ndevu tatu, mwalimu huyo, kashika karatasi na kalkuleta. Vijana wengine wanafunzi wamekaa kwenye sofa. Mama Salma akageuka akaniuliza, na hakunong'ona, "Baba Salma, una kilo ngapi?"

Wallahi miaka 22 ya ndoa hajawahi kuniuliza hivo.

Nikasema 88. Hio 88 ni ya kweli, ni ya 2011. Yule kijana akaandika huku anaeleza kwa upole, ule upole wa daktari mwenye habari mbaya: ndege ni Cessna 152, viti viwili, na mwisho wa uzito wa kupaa nayo ni kilo 757, bati lenyewe, mafuta, watu na kila kilicho mfukoni. Hio yao tupu ni 528. Mafuta yakijaa 67. Kapteni 66. Zimebaki 96 za mzee na kikapu. Kikapu wakakipima kikaja 6. Mimi 88, jumla 94, tunaingia na chenji inabaki. Nikashusha pumzi.

"Baba Salma," akasema mke wangu, "ndege haidanganywi."

Mizani ikaletwa. Tena si ya watu, ni ile ya mizigo, ukipanda lazima usimame katikati kama gunia la mchele. Nikapanda. Ikasoma 106. Nikasema viatu, nikavua viatu. Nikatoa funguo, simu mbili, waleti, tasbihi, saa ya mkono. Nikatoa pumzi. Kijana mmoja wa kwenye sofa akasema, "Mzee, pumzi haina kilo," nami sikuomba mchango wake. Ikasoma 104 ikaganda hapo. Mama Salma akaniangalia kama ninavyomwangalia fundi aliyesema kazi itaisha kesho.

Sasa nikadhani watasema basi mzee abaki. Nilikuwa tayari nishafurahi ndani kwa ndani. Kumbe la, kikapu ndio kikabaki, kwa yule askari, na viazi karai vyangu sikuviona tena mpaka leo. Halafu kijana kapiga hesabu akasema bado kilo 8, si neno, tutapunguza mafuta. Nikamwambia rudia. Akarudia: watapunguza mafuta lita 15, 11 za hesabu na nne za wasiwasi. Yaani mimi nimezidi, na dawa ya mimi kuzidi ni kwenda juu na mafuta machache! Ati Wilson iko zaidi ya futi 5,500 kutoka baharini, hewa nyepesi, jua likiwaka injini inachoka. Inahema kama mimi nikipanda ngazi. Nikawaambia Mombasa ningepaa na chapati zangu zote. Hakuna aliyecheka.

Kuruka kwenyewe ilikuwa nusu saa, bega langu limeingia kwenye bega lake, upepo wa Ngong ukatupiga kidogo, nikasoma dua nilizozijua zote. Nikimsemesha ananyosha kidole, nyamaza, wanaongea wa mnara.

Sasa Jumamosi hii anataka twende mbali zaidi, mbali ni mafuta yajae, mafuta yakijaa mimi sina budi nipungue, ndio maana ya chapati. Nilipolalamika kaniletea hadithi za wanandoa wa ndege. Ati Osa na Martin Johnson walizunguka Afrika yetu hii 1933 na 1934 kwa ndege mbili, moja imechorwa pundamilia na nyingine twiga. Nikamwambia unaona, hata hao kila mtu na ndege yake. Kisha Amy Johnson, kaolewa na rubani mwenzake Julai 1932, Novemba mwaka huo huo kaivunja rekodi ya mumewe ya Uingereza hadi Cape Town, kaipunguza masaa zaidi ya kumi. Miezi minne! Maharusi hao! Nikauliza wakaishia wapi, akaanza kukunja nguo. Nikatafuta mwenyewe, 1938 talaka.

Na sasa anasema nijifunze kutua, kidogo tu, yeye akizimia huko juu, Wamarekani wana kozi kabisa ya mtu wa kiti cha pembeni. Mimi niliuliza lini kuzimia! Mtu aende akajifunze vizuri mambo yake, mie nimwombee dua nikiwa chini, kwani kosa? Kuna aliyeniuliza kama mimi napenda juu? Mimi hata kubadilisha balbu namwita mlinzi.

Lakini kilichonichoma zaidi, na hili sijalisahau, ni ile siku aliporuka peke yake mara ya kwanza. Wana desturi yao, ukitua unamwagiwa maji. Kanitumia video. Ndoo tatu, maji safi kabisa, mwah, yanateremka kwenye lami bure, na wanacheka. Sisi South B bomba lilikuwa limekohoa mara ya mwisho Jumanne ya wiki ile nyingine! Ningelijua ningeenda na beseni nikasimama chini yake. Na wa mkokoteni wa maji naye kapandisha bei ya mtungi tena, ukimuuliza kwa nini anasema mafuta yamepanda, mkokoteni unasukumwa kwa mikono, mafuta gani, ya kula? Huyo anapita saa hii. Nimemwagiza mitungi minne na nikamtaka arudie kabisa, akasema minne, nimepata. Kashusha mitatu.