Jampsuti Nzuri Isimnyime Mtu Maji

Jumamosi iliyopita nilikaa meza moja harusini na rafiki yangu aliyevaa jampsuti ya kijani, yaani blauzi na suruali zilizoshonwa pamoja kuwa vazi moja, shingo ya juu, mikono mirefu, kiuno kimeshikwa vizuri, miguu mipana inayotiririka. Alipendeza mno. Watu walikuwa wakimfuata kumuuliza fundi wake ni nani. Lakini tangu mchana mpaka usiku hakugusa maji yaliyokuwa mbele yake. Nilipomuuliza kulikoni, akaniinamia akaninong'oneza: "Mwenzangu, nikinywa nitataka kwenda chooni, na nikienda chooni ni kuvua yote." Dada wawili waliokuwa karibu wakaitikia kwa vichwa, wanalijua hilo. Kufikia saa mbili usiku kichwa kilikuwa kinamgonga.

Jambo hili limenikaa rohoni wiki nzima. Sina ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi wangu ni na wanaobuni nguo hizi, wakaweka zipu mgongoni, wakaweka kishikizo kidogo shingoni ambacho mwenye nguo hakioni wala hakifikii vizuri, kisha wakatuachia sisi kazi ya kuvumilia. Na sisi tumekubali. Tunaambiana kabisa kwamba ukitaka kupendeza ujibane.

Ngoja niseme wazi kinachotokea chooni, maana wengi wanaosifia vazi hili hawajawahi kulivaa kutwa nzima. Unaingia, unafunga mlango, unatafuta pa kutundika mkoba na hakuna. Unapeleka mkono mgongoni, unakitafuta kishikizo kwa vidole, kinakataa. Kikikubali, unashusha zipu mpaka inapokwama kwenye mshono wa kiuno. Unatoa mkono mmoja, wa pili, sasa umebaki na sidiria katika chumba chenye mlango ambao haufiki chini. Mikono ya nguo inaning'inia na sakafu imelowa. Basi unaikusanya yote mapajani, unaibana kwa kiwiko, mkanda nao unateleza. Hayo ni kwa mtu mwenye afya na vidole vyepesi. Mjamzito je? Aliye kwenye siku zake, ambaye lazima aingie humo mara nyingi? Mama wa makamo ambaye bega halipandi tena nyuma? Wengine huita mtu aje awasaidie kufunga zipu wakitoka. Mtu mzima anaomba msaada wa kufungwa nguo kila akitoka haja, na tunaona sawa!

Dawa tuliyojitungia ni kutokunywa. Kujinyima maji na kubana mkojo kwa saa nyingi kunaumiza, na madaktari hawachoki kutuonya kuhusu maambukizi ya njia ya mkojo. Nguo isitufikishe huko.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba vazi hili lilizaliwa kwa ajili ya wepesi. Kabla ya fasheni kuliona, lilikuwa la mafundi mitambo, la marubani, la watu wanaoruka na parashuti, la wanawake waliojaa viwandani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Watu wenye kazi ya hatari walitaka nguo isiyochomoka kiunoni wala kunaswa na mashine. Ovaroli ya rubani mpaka leo ina zipu ya mbele yenye vishikio viwili, kimoja kinashuka kutoka shingoni na kingine kinapanda kutoka chini, ili mtu ajisaidie bila kuvua. Waliofikiria rubani walifikiria pia kibofu chake.

Tena tukirudi nyuma zaidi, mwaka 1868 nchini Marekani ilipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, nguo ya ndani ya kipande kimoja, ya kitambaa cha flana, iliyotokana na harakati za kuwatoa wanawake katika mavazi ya kuwabana mbavu na kuwalemea. Nguo za aina hiyo zilikuja kujulikana kwa kijisehemu cha nyuma kinachofunguliwa kwa vifungo, unakishusha, unamaliza shughuli, unafunga. Wanaume walipoona raha yake wakaichukua nao. Zaidi ya miaka 150 imepita, na mwanamke wa leo anapewa kipande kimoja kisicho na mlango wowote. Hapo nashindwa kuelewa.

Na mtu asiniambie ubunifu na urahisi haviwezi kukaa nguo moja. Msanii wa Firenze, Italia, aliyejulikana kwa jina la Thayaht, alibuni vazi lake la kipande kimoja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1920 kielelezo chake kikachapishwa gazetini ili yeyote ajishonee. Lilikuwa na mistari safi, vifungo mbele, mifuko na mkanda. Winston Churchill naye, waziri mkuu wa Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipenda ovaroli za zipu ya mbele ambazo mtu aliweza kuzivaa upesi king'ora kikilia, na alishonewa hata za mahameli. Mahameli! Mwimbaji wa Marekani Elvis Presley alizing'arisha za jukwaani miaka ya 1970, lakini vazi la jukwaani ni la muda wa shoo, na halipaswi kuwa kipimo cha nguo ya kushinda nayo.

Kosa la pili ni urefu wa kiwiliwili, na hili mafundi wengi hawaliulizi. Wanapima kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mguu, basi. Jampsuti inadai kipimo kingine: tepu ianzie begani, ishuke mbele, ipite katikati ya miguu, ipande mgongoni mpaka bega lilelile. Bila hicho, mwenye kiwiliwili kirefu atavutwa mabegani na kukatwa katikati kila akiketi, na mwenye kifupi atakuwa na kitambaa kinachoning'inia kati ya mapaja. Herufi za S, M na L hazisemi lolote kuhusu hilo, ndiyo maana dada wawili wa unene mmoja huvaa saizi moja, mmoja akapendeza na mwingine akatembea ameinama. Gauni litakusamehe, suruali na blauzi vitakusamehe. Jampsuti haisamehi, kwa sababu juu na chini vimefungwa pamoja. Kwa hiyo usiijaribu ukiwa umesimama tu mbele ya kioo. Keti. Chuchumaa. Inua mikono yote juu. Ikikuvuta popote, irudishe, hata kama rangi imekuua.

Mifuko iwepo. Sina zaidi ya kusema.

Nakiri, tena kwa shingo upande, kwamba zipu ya mgongoni huacha kifua kikiwa laini, bila mkato wowote, na kwenye picha inavutia. Nakiri pia kuwa zipu ndefu ya mbele iliyoshonwa vibaya huvimba tumboni ukiketi. Lakini hilo ni suala la ufundi: zipu nyepesi, utepe wa kitambaa wa kuifunika, mshono uliopigwa pasi vizuri. Fundi anayeweza kuficha zipu mgongoni ataweza kuificha mbele.

Kwa nini basi nisiseme tuache kabisa? Kwa sababu nalipenda vazi hili. Hakuna kuwaza blauzi gani iende na suruali gani. Ukiinama kuokota kitu mgongo haubaki wazi. Ukipanda ngazi upepo hauna la kukufanyia. Unalivaa asubuhi kwa mkupuo mmoja na umeshakamilika, unaonekana mtu aliyejipanga. Ni vazi la mwanamke mwenye mambo mengi ya kufanya, na ndiyo sababu nataka litengenezwe kwa ajili ya huyo mwanamke, siyo kwa ajili ya sanamu ya dirishani ambayo haiketi, haili na haiendi haja.

Kwa shughuli ya saa moja au mbili, vaa unayoipenda, hata yenye vifungo ishirini mgongoni. Kwa siku ya kushinda nje, safari ndefu au kazini, chagua inayofunguka mbele mpaka chini ya kitovu, au ile ya kifuani inayopishana na kufungwa kwa mkanda, ambayo mabega yanatoka upesi na mama anayenyonyesha naye anapata nafuu. Wengine siku hizi wanashonesha vipande viwili vya kitambaa kimoja, blauzi inaingia ndani ya suruali na mkanda unafunika maungio. Kwa mbali huwezi kutofautisha, na chooni unamaliza kwa dakika.

Kama tayari unayo yenye zipu ya mgongoni na unaipenda, usiitupe. Itazame mbele. Baadhi zina mshono unaoshuka katikati kutoka kifuani mpaka kwenye maungio ya miguu. Mpelekee fundi aufumue mshono huo, aweke zipu iliyofichwa hapo, ya mgongoni aishone ifungwe moja kwa moja. Mwambie zipu ishuke chini kabisa, asiishie kiunoni, na kabla hujamlipa keti nayo kwenye kiti chake, uifungue na kuifunga mwenyewe bila kushikiwa. Rafiki yangu yule nimeshamwambia, na ile ya kijani iko kwa fundi tangu juzi.