R ya Raha

Muuza mitumba aliyenikuta nikiligeuzageuza godoro lile la upepo aliapa kwamba halikuwa limelaliwa zaidi ya mara mbili, na mimi sikumuuliza amelijuaje hilo. Ilikuwa mwezi wa Julai, mjini Arusha, siku nne kabla ya safari yetu ya Ngorongoro, na kwa kweli mke wangu alikuwa amenituma blanketi. Mbele yangu palikuwa na vitu viwili vya kulalia hemani. Kimoja kilikuwa kipande cha sponji ngumu ya kijivu, chenye unene wa kidole gumba, kilichoviringishwa kama mkeka. Kingine kilikuwa godoro la buluu lenye matuta matuta, ambalo likishajaa upepo huinuka kiasi cha nusu shubiri kutoka ardhini. Niliibonyeza sponji kwa ngumi, ngumi ikagota. Nililibonyeza godoro la upepo, ngumi ikazama taratibu kama inayokaribishwa, na mgongo wangu, ambao umekuwa ukinisumbua tangu nilipovuka miaka arobaini, ukaamua papo hapo.

Kwenye pembe ya godoro palikuwa pameandikwa herufi R na namba 1.3. Nilimuuliza muuzaji maana yake.

"Hiyo R ni ya raha, bosi," alijibu bila kusita.

Nililipa. Wenye kuyajua mambo ya kambi watakuwa wameanza kucheka, kwa sababu namba ile hueleza jinsi godoro linavyouzuia mwili usipoteze joto lake kwa ardhi: kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo mlalaji anavyopata joto. Sponji ile niliyoidharau hufikia kama 2, na mtu anayekwenda mahali penye baridi hasa hutafuta godoro la 4 hivi. Godoro langu halikuwa na chochote ndani isipokuwa hewa, na hewa iliyoachwa huru namna hiyo hufanya kazi ya tarishi: hulipokea joto mgongoni, hulishusha chini, hulikabidhi kwa udongo, kisha hurudi kuchukua jingine.

Nilipofika nyumbani nililipuliza kwa mdomo hadi masikio yakaziba, nikalitandaza uani kando ya ua wetu wa michongoma ili majirani walione vizuri. Walilisifu sana. Jioni nilipolikokota kuliingiza ndani nilihisi limenaswa kidogo mahali, nikalivuta kwa nguvu, likaja. Sikulifikiria tena jambo hilo hadi usiku wa Jumamosi.

Kambi ya Simba iko kwenye ukingo wa kreta, meta zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, na haina uzio. Pundamilia hulisha katikati ya mahema kana kwamba wamelipia kiingilio, na nyati nao hupita wakipenda. Nililala hema moja na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye alikuwa amekuja na godoro kuukuu la sponji la kitanda cha mtoto, alilolikata kwa kisu cha jikoni na kulifunga kwa kamba ya katani. Nilimhurumia. Nilipoanza kupuliza la kwangu niligundua kwamba pumzi inayotosha Arusha haitoshi kule juu. Kila baada ya mapulizo kumi nililazimika kukaa chini na kungoja dunia itulie.

"Shemeji," aliniambia akiwa ameshajilaza, "hilo ni godoro au zumari?"

Usingizi ulinipata kwa shida, kwa sababu kila nilipogeuka godoro lilipiga kelele kama pakiti ya biskuti inayofunguliwa msikitini. Tena hema lilikuwa kwenye mteremko kidogo, na kitambaa kile cha nailoni kilikuwa kikiteleza, hivyo nililala kichwa kikiwa mahali pake na kuamka magoti yakiwa yameegemea zipu ya mlango. Baridi haikutoka juu, ambako nilikuwa nimejipanga vizuri kwa mablanketi mawili. Ilitoka chini. Ilianza kiunoni, ikapanda uti wa mgongo pingili moja baada ya nyingine, na ilipofika saa nane usiku nilihisi pia kitu kigumu kikinichoma nyongani. Kilikuwa Tanzania. Godoro lilikuwa limenywea, nami nilikuwa nimelala juu ya ardhi ya nchi yangu, nimetenganishwa nayo na matabaka mawili ya nailoni.

Kwanza nilijifariji kwamba hewa husinyaa ikipoa, jambo ambalo ni kweli, na kwamba ndiyo maana watu hulipuliza godoro upya kidogo kabla ya kulala. Nikajifunika blanketi gubigubi ili nisimwamshe shemeji, nikapiga magoti, nikaitafuta vali gizani na kuanza kupuliza. Fuuu. Nikapumzika. Fuuu.

"Shemeji." Sauti yake ilikuwa nyembamba sana. "Usitikisike. Nyati ameingiza kichwa."

Msomaji atauliza kwa nini sikumwambia kwamba ni mimi. Jibu ni kwamba sikujua. Mtu aliyeambiwa usiku kwamba kuna nyati hemani haanzi kuchunguza ushahidi. Niliachia vali nikaganda.

"Amenyamaza," alinong'ona. "Anatusikiliza."

Niliona salama yangu ni kulala kifudifudi nijifanye maiti, nikajiachia juu ya godoro kwa uzito wangu wote wa kilo tisini na mbili, na vali ikiwa wazi. Sauti iliyotoka sijawahi kuisikia kwa mnyama yeyote. Ilikuwa ndefu, yenye hasira na yenye unyevunyevu, na ilitoka hatua moja kutoka usoni pa shemeji. Alipiga kelele, akarusha chupa ya chai iliyonipata begani. Nami nikapiga kelele, kwa kuwa sasa nilikuwa na uhakika kwamba nyati amenipiga pembe. Tulitoka pamoja kupitia mlango uliokuwa bado umefungwa.

Askari wa kambi alipofika na tochi alitukuta tumesimama na soksi, hema likiwa limelala ubavu, na pundamilia watatu wakiacha kula ili watutazame. Alimulika ndani. Godoro lilikuwa linamalizia pumzi yake ya mwisho.

"Nyati mwenyewe ndiye huyu?" aliuliza kwa adabu kubwa.

Saa zilizobaki nililala kwenye ukingo wa sponji ya shemeji, ambayo ilikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha na joto la kupendeza.

Kesho yake tulisimama Karatu kwa fundi wa baiskeli. Alilizamisha godoro kwenye beseni, pakatoka mapovu membamba, na katika tundu akachomoa ncha ya mwiba wa mchongoma, nikauficha mfukoni upesi. Fundi alijua kazi yake, ila kazi yake ni mipira. Alikwangua kwa msasa kama anavyokwangua tyubu, nailoni ikachanika, tundu moja likawa matatu. Kisha akapaka gundi yake na kubandika kiraka, ambacho kilishika vizuri hadi tulipomlipa. Ilitakiwa kitambaa kisafishwe kwa spiriti, kipakwe gundi ya nailoni na kuachwa usiku kucha. Nyumbani nikalikunja hivyo hivyo, vali imefungwa, mvuke wa pumzi zangu zote za Ngorongoro ukiwa ndani, nikalisukuma uvunguni. Nilipolifungua mwezi wa Oktoba lilikuwa limeota ukungu, na mke wangu akauliza kama ndilo lile blanketi.

Wiki iliyopita shemeji alinipigia simu kupanga safari nyingine. Hakunisalimia.

"Shemeji, yule nyati wako bado anapumua?"

Nilimjibu kwamba anapumua, ila anavuja.