Meli ya mtoni inakuonyesha ngome. Kasri ni habari nyingine

Vipeperushi vya safari za meli kwenye mito ya Ulaya huuza "ngome na makasri" kana kwamba ni kitu kimoja, kama mtu anavyosema chumvi na pilipili. Kiswahili hakikubali uzembe huo. Fort Jesus ni ngome. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ni kasri. Hakuna mtu wa Mombasa wala wa Unguja atakayekuchanganyia haya mawili: moja lilijengwa ili watu waogope kukaribia, jingine ili wakaribie na kushangaa.

Naanzia hapo kwa sababu ubishi kuhusu utalii huu umekuwa wa watu kupitana tu. Wanaousifu wanasema huoni Ulaya vizuri zaidi popote kuliko juu ya sitaha, kikombe mkononi, bila kubeba begi kila asubuhi. Wanaouponda wanasema ni kuonja bila kumeza: saa moja hapa, saa moja pale, halafu king'ora kinaita mrudi melini. Nimewasikiliza wote, na ninavyoona kila upande una jengo lake kichwani. Anayesifu anaikumbuka ngome. Anayeponda anakumbuka kasri. Na wote wawili wana haki yao.

Tuanze na Mto Rhine, Ujerumani. Kati ya Bingen na Koblenz kuna kilomita zipatazo 65 ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2002, na juu ya vilima vya kando zimepangana ngome na magofu yapatayo 40. Mgeni hudhani vita ndivyo vilivyozirundika pale. Vita vilikuwepo, lakini mzizi wa mambo ni ushuru. Mto ulikuwa barabara kuu ya divai, mbao na nafaka, na kila mtawala mdogo aliyemiliki kipande cha ukingo alitaka chake kabla shehena haijafika kwa jirani.

Pale Kaub utaliona hili kwa macho. Katikati ya mto, kwenye kisiwa ambacho ni mwamba tu, Mfalme Ludwig wa Bavaria alijenga mnara wa ushuru miaka ya 1326 na 1327, na baadaye ukazungushiwa ukuta wa pembe sita. Jina lake ni Pfalzgrafenstein. Upande unaokabili mkondo umechongoka kama omo wa jahazi, na kazi yake ni ya omo kweli: kupasua maji, na majira ya baridi kupasua barafu inayoletwa na mto. Mlimani, ng'ambo tu ya maji, iko ngome ya pili, Gutenfels, na mjini chini yake walikaa wakusanyaji. Mnyororo ulivutwa kukatiza mto, na chombo kilibaki na njia moja tu, ile inayopita mbele ya mkusanya ushuru.

Sasa niambie, jengo kama hili utalitazamia wapi kama si majini? Aliyefika Kaub kwa gari analiona kutoka ng'ambo, upande wa aliyekuwa akipokea. Aliyeko sitahani analiona kama alivyoliona nahodha aliyebeba mapipa ya divai na kuhesabu moyoni atabakiwa na ngapi. Tena ukipata safari inayopanda mto badala ya kushuka, chukua hiyo. Mkondo unaipinga meli, mwendo unapungua, na kila ngome inakaa machoni kwa muda wa kutosha. Kwenye kingo utaona mabao meupe yenye namba nyeusi: hizo ni kilomita zinazohesabiwa kuanzia daraja la Konstanz, na Kaub iko karibu na 546. Ukiwa na ramani yenye namba hizo huhitaji sauti ya kipaza sauti hata kidogo. Ushuru wenyewe ulifutwa kabisa na Mkataba wa Mannheim wa 1868, uliofanya mto kuwa huru kwa vyombo.

Hapa wapinzani wana jibu kali, na ni la kweli. Nusu ya kinachopigwa picha kama zama za kale ni kazi ya juzi. Mwaka 1689 majeshi ya Ufaransa yalizibomoa na kuzichoma ngome nyingi za bonde hili, na zikabaki magofu zaidi ya karne moja. Stolzenfels, karibu na Koblenz, ile ya rangi ya haradali inayomfanya kila mtu atoe simu, ilikuwa gofu ambalo mji huo ulimpa zawadi mwanamfalme wa Prussia, ufalme wa Kijerumani wa zama hizo, mwaka 1823. Akalijenga upya kwa michoro ya msanifu majengo Schinkel, likazinduliwa 1842 naye akiwa mfalme tayari. Ni kasri la majira ya kiangazi lililovishwa kanzu ya ngome. Ukitaka ngome ya mlimani ambayo haikuwahi kubomolewa katika sehemu hii ya Rhine, ipo moja tu, Marksburg, juu ya mji wa Braubach. Kama ratiba yako inasimama pale, shuka, hata kama miguu inalalamika.

Lakini mimi Stolzenfels siiiti uongo. Stima za abiria zilianza safari za kawaida kati ya Köln na Mainz mwaka 1827, miaka michache tu baada ya ile zawadi. Watalii na matengenezo vilikua pamoja, kama pacha. Wakuu wa Prussia walijenga wakijua wazi kwamba kuna macho yanapita chini mtoni kila siku. Kwa hiyo abiria wa leo anayeitazama kutoka sitahani anaitazama kutoka mahali ilipokusudiwa kutazamwa. Kosa ni la yule anayetangaza "ngome ya karne ya 13" na kunyamaza hapo.

Kasri sasa. Meli ikiiacha Rhine na kuingia Mto Main, inapitia milango ya kupandisha na kushusha maji, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo inayoamua umbo la meli zenyewe: upana wake ni kama mita 12, basi meli hujengwa na upana wa mita 11 na ushee, huku urefu ukifika 135. Madaraja nayo ni ya chini kiasi kwamba chumba cha nahodha hushushwa na abiria huondolewa sitaha ya juu. Hatimaye mnafika Würzburg, na mnapelekwa Residenz, kasri la maaskofu watawala lililoanza kujengwa mwaka 1720 chini ya msanifu majengo Balthasar Neumann.

Hapa ndipo wanaoponda wanaposhinda. Ngazi kuu ya kasri hili ina paa la tao lisilo na nguzo hata moja, na mwaka 1752 na 1753 Tiepolo, mchoraji wa Venice, alilijaza picha ya mabara manne. Picha ile haikuchorwa kutazamwa na mtu aliyesimama. Unapanda, Amerika inajitokeza kwanza, malkia juu ya mamba. Unafika pale ngazi inapogawanyika, unageuka, unaendelea kupanda, na mbavuni zinafunguka Asia na Afrika, na mwisho mbele yako Ulaya, sura ya askofu ikielea juu yake. Jengo linakuongoza shingo. Sasa weka kundi la watu 30, kila mmoja na kidude sikioni, wasimame pamoja mahali pamoja kwa dakika tano kwa sababu kundi jingine liko nyuma. Wameona rangi. Ile safari ya ngazi imewapita.

Na msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kukaa pale. Afrika ya Tiepolo ni malkia mweusi juu ya ngamia, amezungukwa na wafanyabiashara na bidhaa zao, na Nile imeketi kama mzee. Mchoraji hakuwahi kukanyaga bara hili. Ameweka bara zima katika soko na hema, na yeyote atokaye Kilwa au Lamu, miji ya mawe iliyokuwa ikifanya biashara ya bahari karne nyingi kabla ya Neumann, atakuwa na la kumwambia. Mazungumzo hayo hayaishi kwa dakika tano. Paa lenyewe limeponea chupuchupu: mabomu ya tarehe 16 Machi 1945 yaliunguza sehemu kubwa ya kasri, tao la Neumann likasimama.

Nisiwaonee wenye meli, hata hivyo. Makasri mengine yanamharakisha kila mtu. Schönbrunn mjini Vienna ina vyumba 1,441, lakini mgeni huonyeshwa vichache, kwa tiketi yenye saa yake ya kuingia, uwe umekuja kwa meli au kwa treni. Na kwa mzee wa miaka 75 ambaye magoti hayamruhusu kubadilisha hoteli kila usiku, swali halikuwa saa moja au siku nzima. Lilikuwa saa moja au kukaa nyumbani. Anayemcheka hajawahi kumsindikiza mama yake kupanda ngazi za stesheni.

Hoja inayonigusa zaidi husemwa kwa nadra sitahani. Ukishaiacha Mainz, hakuna daraja juu ya Rhine mpaka Koblenz. Wakazi wanavuka kwa kivuko, na kivuko kikilala, anayetaka ng'ambo anazunguka mbali. Daraja limejadiliwa miaka mingi, na kila likijadiliwa inakumbukwa Dresden, ambayo bonde lake la Mto Elbe liliondolewa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2009 kwa sababu ya daraja jipya. Kwenye kingo zote mbili treni za mizigo hupita usiku na mchana. Abiria anauziwa mandhari yasiyo na daraja. Mkazi anayalipia kwa muda wake na usingizi wake. Na abiria huyo, kitanda na chakula chake vikiwa melini, huacha mjini bei ya kahawa na kadi ya picha. Kwa hili sina utetezi wa kampuni za meli, isipokuwa kumwambia msafiri: kula chakula cha mchana nchi kavu, hata kama melini kimeshalipiwa.

Mto wenyewe hauheshimu ratiba. Oktoba 2018, baada ya kiangazi kirefu, kipimo cha maji cha Kaub kilishuka hadi sentimita 25. Hicho si kina chote cha mto, lakini kilitosha kusimamisha vyombo vingi, na waliolipia meli walijikuta wakipelekwa kwa mabasi. Wiki hizo Pfalzgrafenstein iliunganika na nchi kavu. Watu waliteremka ukingoni wakakanyaga mawe ambayo kwa kawaida yako chini ya mto, wakatembea mpaka chini ya ule ukuta wa pembe sita, wakaugusa, wakarudi. Hakuna aliyelipa hata nauli ya kivuko.