SSD inaongeza kasi ya gemu, lakini kasi ipi?

Mdogo wangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma na amepanga chumba Ng'ong'ona. Mwezi uliopita alikuja kwangu na laptopu yake ya mtumba, zile za ofisini zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika Ulaya. Fundi mmoja mjini alimwambia akitoa hadidiski, ile diski ya zamani inayozunguka, na kuweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, gemu ya GTA V itateleza bila kukwama. Akajinyima, akaweka. Sasa mashine inawaka kabla hajamaliza kuvuta kiti, lakini akiingia mitaani ndani ya gemu fremu, yaani picha zinazochorwa mfululizo kwenye skrini, ni zilezile, ishirini na kitu kwa sekunde. "Kaka, hii SSD siyo feki kweli?" Niliipima, inasoma zaidi ya MB 500 kwa sekunde. SSD yake ni halali kabisa. Tatizo lilikuwa ile ahadi.

Ahadi hiyo hutolewa kila siku kwa vijana wanaohesabu kila shilingi ya boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, na ndiyo maana nataka tuipime vizuri.

Picha unazoziona kwenye skrini huchorwa na kadi ya picha, ikisaidiwa na prosesa, ubongo wa kompyuta, na RAM, kumbukumbu yake ya muda. Diski haichori chochote. Kazi yake ni ghala: inatoa ramani, magari, sauti na sura za wahusika na kuzipeleka kwenye RAM. Vikishafika huko, mchoraji hana shida tena na ghala. Kwa hiyo laptopu inayotegemea kadi ya picha iliyojengwa ndani ya prosesa, kama Intel HD Graphics 520, itabaki na uwezo wake uleule hata ukiifungia SSD ya bei kuliko zote. Wanaosema SSD haiongezi fremu wako sahihi.

Lakini wanaoishia hapo wanasahau kwamba mchezaji hahesabu fremu tu. Hadidiski ya laptopu kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea hulazimika kusogea hadi lilipo faili. Safari moja huchukua zaidi ya milisekunde 10. SSD haina kinachozunguka, hivyo hulifikia faili kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Sasa linganisha na gemu inayokimbia fremu 60 kwa sekunde: kila fremu ina milisekunde zisizofika 17. Gemu ikihitaji vipande vingi vidogo kwa mkupuo, labda unaendesha gari kwa kasi kuvuka jiji, hadidiski inaachwa nyuma. Watengenezaji hupunguza tatizo kwa kuomba vipande mapema, lakini kuna wakati hata hilo halitoshi. Utaona jengo linachelewa kutokea, au picha inaganda kidogo halafu inaendelea. Wastani wa fremu unaweza usibadilike sana, ila mkono unaoshika kipanya unajua tofauti. Hapa SSD inastahili sifa zake zote.

Inastahili zaidi kwenye mashine yenye RAM ya GB 4. RAM ikijaa, Windows huanza kutumia diski kama RAM ya akiba. Kama diski hiyo ni hadidiski, kila kitu kinakwama, hata kishale cha kipanya. SSD inapunguza mateso hayo sana. Naamini wengi wanaoapa kwamba SSD iliwaongezea fremu walikuwa na mashine za namna hii, na sina sababu ya kuwabishia.

Kusubiri gemu ifunguke nako kunapungua, ingawa si kila kusubiri kunatokana na diski. Mwaka 2021 mtaalamu mmoja wa programu alichunguza kwa nini GTA Online inachukua dakika nyingi kufunguka, akakuta prosesa inahangaika kusoma vibaya faili moja la takriban MB 10. Rockstar, watengenezaji wa gemu hiyo, wakarekebisha, na muda wa kusubiri ukapungua sana bila mtu kununua kifaa chochote.

Na gemu mpya? Starfield ya mwaka 2023 inataja SSD kuwa sharti la chini kabisa, pamoja na nafasi ya GB 125. Cyberpunk 2077 nayo iliiondoa hadidiski kwenye masharti yake mwaka huohuo. Sababu mojawapo ni kwamba tangu mashine ya gemu ya PlayStation 5 itoke mwaka 2020 ikiwa na SSD ndani, watengenezaji wameanza kuamini ghala litajibu haraka. Kwa gemu hizo mjadala umekwisha. Ila tuseme kweli: laptopu ya ofisini haitaziendesha hata hivyo, kwa sababu ya kadi ya picha.

Kuna jambo jingine ambalo hapa kwetu ni kubwa: nafasi. Kijana akitoa hadidiski ya GB 500 na kuweka SSD ya GB 256, atalazimika kufuta gemu. Kwa mwenye intaneti ya bei nafuu nyumbani, kufuta si hasara. Kwa anayeishi kwa bando, gemu ya GB 100 haipakuliwi tena, inafuatwa kwa rafiki mwenye diski ya nje. Ndiyo maana nashauri usiitupe hadidiski ya zamani. Laptopu yenye tundu la DVD inaweza kufungwa kibebeo kidogo cha kuishikilia humo, nyingine itosheke na kasha la USB. Windows na gemu unayoicheza kila siku zikae kwenye SSD, nyingine zilale kwenye hadidiski.

Tuliifungua mashine ya mdogo wangu. Feni ilikuwa imevaa blanketi la vumbi, na anayejua upepo wa Dodoma mwezi wa nane na wa tisa hatashangaa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na fremu hushuka nayo. Tukasafisha, tukabadili pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. Halafu tukaona ina RAM moja tu ya GB 8, tundu la pili tupu. Kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa huazima RAM ya kawaida, na RAM mbili zikifanya kazi pamoja huipa njia pana zaidi. Tuliongeza ya pili, ya mtumba.

Jioni ile GTA V ilipita fremu thelathini. Kama angeniuliza kabla ya kwenda kwa fundi, ningemwambia aanze na vumbi, kisha RAM, na SSD pia aiweke, ila akijua anainunua ili asisubiri na ili gemu isigande.