Kiwanda Hakivuki Mpaka Chenyewe

Wiki iliyopita, nikiwa Namanga nikisubiri kugongewa muhuri, nilimsikia abiria mwenzangu akisema kwamba hatuna haja ya kuhangaika na viwanda, kwa kuwa Nairobi ikishajaa vitatufuata huku Tanzania. Mbele yetu fuso lililosheheni magunia ya vitunguu lilikuwa likielekea kaskazini, na lori la makatoni ya sabuni likiingia kusini. Nilinyamaza kwa adabu, lakini maneno yale yananiuma hadi leo.

Wenye hoja hiyo hupenda kuitaja Asia, na nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba huko viwanda vilihama kweli. Mjapani Kaname Akamatsu aliuona mwenendo huo tangu miaka ya 1930, akaufananisha na mabata bukini wanaoruka kwa kufuatana. Na yeni ilipopanda thamani baada ya mwaka 1985, viwanda vingi vya Japani vilihamia Thailand na Malaysia. Hata hivyo, mabata hao hawakutua popote palipokuwa wazi. Mwaka 1979 kampuni ya Desh ya Bangladesh iliwapeleka watu 130 Busan, Korea Kusini, kwenye kiwanda cha Daewoo, wakajifunze kwa miezi sita namna ya kukata kitambaa, kushona, kukagua ubora na kuuza nje. Katika miaka iliyofuata wengi wao waliondoka Desh, wakaanzisha viwanda vyao au wakaajiriwa na washindani, na leo Bangladesh ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nguo duniani. Ujuzi ulisafiri mikononi mwa watu hao.

Sisi wa Afrika Mashariki tulijaribu kugawana viwanda kwenye karatasi. Makubaliano ya Kampala ya mwaka 1964 yaliipa Tanganyika matairi, Uganda baiskeli na Kenya balbu. Kenya haikuyaridhia, na baadaye matairi yakatengenezwa Arusha na Nairobi pia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika.

Kijana wa Longido akikaa miaka mitatu katika kiwanda cha nguo cha Thika, akajua kwa nini uzi unakatika saa nane mchana joto linapozidi, na afanye nini ili mashine isisimame, huyo ndiye atakayetuletea kiwanda. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya iliyofufuliwa ilianza kutumika mwaka 2010 ikiahidi uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, nasi bado tunabishana juu ya vibali vya kazi. Vifutwe mwaka huu, pande zote mbili.