Mimi Hapa, Maana Umeniita

Kwa miaka mingi ibada yangu ya alfajiri ilikuwa siri yangu na Mungu. Saa kumi na moja niko juu ya stuli, Biblia mezani, nasoma sura moja kisha naomba. Ila mnielewe ninaposema naomba. Kuna siku nilianza na "Baba yetu uliye mbinguni" nikaja kuzinduka saa kumi na mbili na nusu, shavu limegandana na Zaburi. Nani angejua?

Basi kijana wangu wa miaka minne akaanza kuamka na majogoo. Akanikuta pale, akajipachika mapajani, akauliza, "Tunasoma nini?"

Tunasoma! Mimi nilikuwa kwenye kitabu cha Hesabu, kule Waisraeli wanakohesabiwa kabila kwa kabila, nami nikaendelea pale pale nilipoishia. Naye akaamua kusaidia kuhesabu. Anafika kumi na mbili, anarudi saba, anapanda tena. Kabila la Reubeni peke yake lina watu 46,500. Siku ya tatu mama yake akanionea huruma: "Si umtafutie habari ya mtoto mwenzake?"

Nikafungua Samweli wa Kwanza, sura ya tatu. Na hapo sikusoma, niliigiza. Nikajilaza sakafuni nikiwa kuhani mzee Eli, macho hayaoni vizuri, kikohozi cha kizee. Samweli naye kalala hekaluni, taa ya Mungu haijazimika. Anasikia anaitwa, anakimbia kwa Eli: "Mimi hapa, maana umeniita." Eli anajibu, "Sikukuita, kalale tena." Mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu ndipo Eli anaelewa kuwa anayeita ni Bwana. Mwanangu alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Tukarudia mara tano. Nikajiona mwalimu hasa.

"Halafu Eli ikawaje?" akauliza.

Nikafunga Biblia haraka. Anayejua sura ya nne anajua kwa nini. "Hiyo tutasoma kesho."

Usiku akakataa taa kuzimwa, eti ni ya Mungu. Akavaa shati langu la kazini likamfika miguuni, akasema ni kanzu. Tukamwacha. Tulidhani ni mapenzi ya Neno.

Saa nane usiku nikahisi kiganja cha baridi usoni.

"Mimi hapa, maana umeniita."

Kwa usingizi nilionao, nikajibu bila kufikiri: "Sikukuita, kalale tena."

Jamani, angalieni nilivyojiponza! Maneno yale yale ya Eli, neno kwa neno. Nilisikia vicheko vikikimbia ukumbini, na nusu saa baadaye vikarudi. "Mimi hapa, maana umeniita." Safari hii nilikuwa macho kidogo, nikakataa kuigiza. Nikamwambia, "Lala, mwanangu, kesho kuna shule." Akasimama pale pale kando ya kitanda, akaninong'oneza kama anayemkumbusha mwigizaji aliyesahau: "Baba, sema *sikukuita*." Nikasema. Ningefanyaje?

Mara ya tatu mama yake ndiye aliyejibu, akiwa amejifunika gubigubi. "Mzee Eli, mara ya tatu si ulielewa? Mwelekeze kijana amwitikie Bwana huko huko chumbani kwake, tulale."

Niliona ni hekima. Nikamwambia akiitwa tena asije kwangu, aseme, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Akaondoka kwa adabu. Nyumba ikatulia dakika nzima.

"NENA, BWANA!"

Sikujua kifua kidogo kile kina sauti ya mnadani. Akatulia kusikiliza. Bwana, kwa sababu anazozijua Mwenyewe, hakunena. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, isije ikawa hakusikika. Mdogo wake wa miezi minane akaamka na kuanza kuitikia kwa lugha yake. Ibada ikawa ya familia nzima, saa tisa na robo usiku.

Saa kumi na moja nilikuwa juu ya stuli, nimelala labda saa mbili zote kwa jumla. Yeye yuko mbele yangu na shati lake, macho maangavu kama aliyelala wiki.

"Bwana amesema," akanitangazia.

Katika Biblia, asubuhi ile Eli alimsihi Samweli asimfiche kitu. Mimi ningependa sana kufichwa. "Amesemaje?"

"Amesema Baba asilale kwenye maombi."

Kutoka jikoni nikasikia mtu akizuia kicheko. Kumbe siri yangu na Mungu ilikuwa na mashahidi siku nyingi! Nikajikaza, nikafumba macho, nikaanza kuomba kwa sauti ili ushahidi uwepo. Nilimshukuru Mungu kwa siku mpya. Nilimshukuru kwa watoto. Nadhani nilikuwa nimeanza kumshukuru kwa mara ya pili kwa siku mpya pale stuli iliponiponyoka, nikaenda chali, miguu juu, Biblia kifuani.

Kwa wasioijua sura ya nne: Eli, akiwa na miaka 98, alianguka kinyumenyume kutoka kitini, akavunjika shingo. Mimi shingo ilikuwa salama. Kiuno ndicho kilichoumia.

Mwanangu akaniinamia, akanitazama kwa makini. Mama yake akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Kumbe leo mmefika sura ya nne?"

"Bado," akajibu mtoto. "Baba, rudia tena."