Onyango yupi?

Wiki jana nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja hapa Kisumu. Karani akachungulia dirishani akaita, "Onyango!" Wanaume wanne wakainuka. Akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, wote wanne wakasogea mbele. Mzee aliyekuwa karibu akamwomba asome jina lote. Aliposoma, watatu wakarudi kuketi.

Wapo wanaosema dawa ni sisi Wajaluo kuyaacha majina ya saa na msimu wa kuzaliwa, kila nyumba ishike jina moja la ukoo. Hoja yao ina uzito. Onyango ni mvulana aliyezaliwa jua likipanda, kabla ya adhuhuri, kama Otieno alivyo wa usiku na Okoth wa mvua. Jua hupanda kila siku, na kila siku watoto huzaliwa. Tazama Hussein Onyango wa Kogelo: alikuwa mwana wa Obama, na jina lililoingia Ikulu ya Marekani mwaka 2009 kupitia mjukuu wake ni hilo la babake, si lake. Leo hakuna anayeuliza Obama yupi.

Lakini jina la ukoo nalo hujaa. Wajukuu ishirini wakilishika, karani ataita na ishirini watainuka. Isitoshe, Onyango tayari limekuwa jina la nyumba kwa wengi. Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, mwanamke wa kwanza kushika umeya Kenya, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni. Msichana wa asubuhi huitwa Anyango. Hilo la Onyango alilipata kwa mumewe. Ukija kwa wapenzi wa soka, Onyango ni Denis, kipa wa Uganda aliyetajwa mwaka 2016 kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Hakuna aliyewahi kumchanganya na Mama Grace, kwa kuwa kila mmoja hutajwa kwa jina lake kamili.

Kwa hiyo mimi nasimama na wanaotaka jina libaki. Wazee hawakusema Onyango wakanyamaza. Walisema Onyango wuod fulani, mwana wa fulani, na mtu akajulikana mpaka kwao. Jina hilo lilikatwa na fomu zenye nafasi finyu na makarani wenye haraka. Ni kweli wawili wanaweza kugongana hata kwa majina yote matatu, na hapo nambari ya kitambulisho ndiyo itakayoamua. Ila hao ni wachache.

Baba yangu mdogo, naye Onyango, alikaa miezi saba bila pensheni kwa sababu karatasi zake zilitiwa kwenye faili ya mwenzake. Nilipoonyeshwa faili hiyo, jina la babu yangu lilikuwa pale pale kwenye ukurasa wa kwanza, kwa wino wa buluu, linasomeka vizuri kabisa.